Pauni Moja Juu ya Meza

Walio katika vikundi vya kusikiliza, sogeleaneni, na mmoja wenu ashike kalamu na karatasi, maana leo tutafanya hesabu. Si hesabu ngumu. Ni kuzidisha, kujumlisha na kutoa tu.

Jambo tutakalozungumza ni hili: mikahawa inawezaje kukusanya fedha za kuwasaidia watu wasio na mahali pa kulala? Mfano wetu mkubwa tutauchukua Uingereza. Huenda mmoja wenu akauliza, "Mwalimu, mbona watupeleka mbali? Kwetu hakuna wenye shida?" Swali hilo ni la haki. Nimechagua Uingereza kwa sababu mbili. Kwanza, watu wa huko wameifanya kazi hii kwa miaka mingi, nasi twaweza kuona lililofaulu na lililo gumu. Pili, wengi wetu hudhani ya kuwa katika nchi tajiri hakuna mtu alalaye nje. Yafaa tujue ukweli.

NI NANI ASIYE NA MAKAO?

Ukitembea usiku mjini London mwezi wa Desemba, utaona madirisha ya maduka yamepambwa taa za kila rangi, na mikahawa imejaa watu wanaokula na kucheka. Lakini mlangoni mwa duka lililofungwa utaona pia mtu amelala juu ya maboksi yaliyokunjuliwa, amejifunika blanketi hata kichwa. Na baridi ya huko si baridi ya asubuhi ya Iringa au Limuru. Usiku mwingine maji huganda barabarani. Kulala nje katika baridi kama ile si taabu tu. Kwaweza kumwua mtu.

Tusimhukumu upesi mtu yule. Hebu tumfikirie mmoja, tumwite Fulani. Fulani ni mpishi, naye amepanga chumba. Mkahawa alimofanya kazi unafungwa. Mwezi wa kwanza analipa kodi kwa akiba yake. Mwezi wa pili anakopa. Mwezi wa tatu mwenye nyumba anamtoa. Anakwenda kulala kwa rafiki yake sebuleni. Baada ya majuma mawili watu wa nyumba ile wanaanza kununa, naye anahamia kwa mwingine. Rafiki wa mwisho akiisha, inabaki barabara.

Sasa tazameni jinsi tundu lilivyo na kina. Fulani akienda kuomba kazi anaulizwa, "Unakaa wapi?" Hana la kujibu. Barua haina mahali pa kumfikia. Nguo hana pa kuzifulia, wala mwili hana pa kuuoga. Hakulala usiku, kwa hiyo mchana anasinzia, na watu husema, "Mvivu huyu!" Mwanzo alikosa nyumba kwa sababu ya kukosa kazi. Sasa anakosa kazi kwa sababu ya kukosa nyumba.

Wako na wengine. Wako wanawake waliokimbia kupigwa na waume zao. Wako vijana waliolelewa katika nyumba za watoto, wakafikia umri wa kutoka bila kuwa na jamaa wa kuwapokea. Wako waliotoka gerezani, waliokuwa askari, na wagonjwa wa akili. Walevi nao wako, sikatai. Lakini wengine wao walianza kunywa baada ya kufika barabarani, ili wapate kulala. Tena kumbukeni ya kuwa wale tunaowaona barabarani ni wachache kuliko wale tusiowaona: jamaa nzima, baba, mama na watoto, waliowekwa katika chumba kimoja cha muda, na wale wanaohamahama katika sebule za watu.

SERIKALI ILIFANYA NINI?

Mtu aweza kusema, "Hiyo ni kazi ya serikali." Ni kweli. Huko Uingereza, Novemba 1966, shirika la utangazaji la BBC lilionyesha katika televisheni mchezo ulioitwa Cathy Come Home, juu ya mama aliyepoteza nyumba na mwisho akanyang'anywa watoto wake. Watu wengi sana waliutazama, na nchi ikaona haya. Mwezi wa Desemba mwaka huo huo chama cha kuwatetea watu wasio na makao, kiitwacho Shelter, kilianza kazi yake. Mwaka 1967 kikazaliwa chama kingine, Crisis. Baada ya miaka kumi, yaani mwaka 1977, Bunge lilipitisha sheria ya kuzilazimisha halmashauri za miji kuwatafutia makao watu waliokosa.

Lakini mlango wa sheria ile ulikuwa mwembamba. Waliotangulizwa walikuwa hasa wenye watoto, waja wazito, wazee na wagonjwa. Mtu mzima mmoja mwenye afya yake, kama Fulani wetu, aliweza kupewa mashauri tu, kisha akarudi barabarani. Scotland iliondoa ubaguzi huo mwishoni mwa mwaka 2012; Uingereza yenyewe haikuuondoa kabisa. Basi hapo ndipo palipobaki pengo, na katika pengo hilo ndipo fedha za mikahawa zilipoingia.

Sasa nataka mkumbuke maneno matatu, yote yanaanza kwa herufi H: HIARI, HESABU na HESHIMA. Mkitaka kujua kama mchango wowote ni mwema, upimeni kwa maneno hayo matatu.

NENO LA KWANZA: HIARI

Mwaka 1998, mjini London, Mary-Lou Sturridge na William Sieghart walianzisha mpango ulioitwa StreetSmart. Mpango wenyewe ni rahisi. Katika miezi ya Novemba na Desemba, mkahawa uliojiunga huongeza pauni 1 katika bili ya kila meza. Si kila mtu, bali kila meza. Wakila wawili, pauni 1. Wakila wanane, pauni 1. Kadi ndogo mezani humweleza mgeni fedha hizo ni za kazi gani, na mgeni asiyetaka humwambia mhudumu, nayo pauni ikaondolewa bila maneno.

Kwa nini miezi hiyo miwili? Kwa sababu ndiyo miezi ya baridi kuingia, na ndiyo miezi ambayo mikahawa hujaa watu wanaoingoja Krismasi. Mwenye kushiba yuko karibu sana na mwenye njaa. Kati yao ni kioo cha dirisha tu.

Mpango huu ulienea katika miji mingine ya Uingereza, na tangu ulipoanza umekusanya zaidi ya pauni milioni 10. Mwaka 2003 watu wa Australia nao walianza mpango wao wa namna ile ile.

Angalieni pale nilipotaja hiari. Mgeni ana haki ya kukataa, wala asitazamwe kwa jicho baya. Yuko aliyehesabu fedha zake kabla ya kuja. Tena pauni ile isichanganywe na bakshishi ya mhudumu. Iandikwe katika mstari wake peke yake. Mhudumu naye ni mtu wa mshahara mdogo, na huenda yeye mwenyewe yuko karibu kushindwa kodi ya chumba. Huko Uingereza, tangu Oktoba 2024, sheria inawalazimisha wenye mikahawa kuwapa wafanyakazi bakshishi yao yote bila kukata. Haifai kumsaidia maskini mmoja kwa kumpunguzia mwingine.

NENO LA PILI: HESABU

Haya, mwenye kalamu ajitayarishe. Tuseme mkahawa mmoja una meza 25, na kila meza hukaliwa mara mbili kwa usiku mmoja. Hizo ni bili 50. Tuseme wageni wa meza 10 wamekataa. Zimebaki pauni 40. Mkahawa hufunguliwa siku 60 katika miezi hiyo miwili. Zidisheni 40 kwa 60. Mmepata ngapi? Pauni 2,400. Huo ni mkahawa mmoja tu, wala hakuna mtu aliyetoa zaidi ya pauni moja kwa usiku. Wazee wetu walisema haba na haba hujaza kibaba. Hapa kibaba kimejaa.

Sasa tumrudie Fulani. Tuseme amepata kazi, na katika mji mdogo amepata chumba cha kodi ya pauni 150 kwa juma. Mwenye nyumba hamfungulii mlango hivi hivi. Anataka fedha za dhamana, ambazo kwa sheria ya England ya mwaka 2019, kwa nyumba za kawaida, zisizidi kodi ya majuma 5. Majuma 5 mara 150 ni pauni 750. Tena anataka kodi ya mwezi wa kwanza mapema, nayo ni kama pauni 650. Jumlisheni: pauni 1,400. Mtu alalaye nje atazipata wapi fedha hizo? Hata kama ameanza kazi, mshahara huja mwisho wa mwezi, na dhamana hutakiwa leo. Hapo ndipo watu wengi hukwama. Wana nguvu, wana nia, hata kazi wanayo, ila hawana funguo.

Zile pauni 2,400 za mkahawa mmoja zinatosha kununua funguo hizo, nazo zitabaki pauni 1,000 za godoro, sufuria, viatu vya kazi na nauli. Mkahawa mmoja, miezi miwili, mtu mmoja nyuma ya mlango wake mwenyewe.

Lakini tuseme waliokusanya fedha wametumia nusu kwa mikutano, safari na vyakula vya kamati. Imebaki pauni 1,200. Je, zinatosha 1,400? Hazitoshi. Fulani atapewa supu na blanketi, na usiku atarudi pale pale. Mwaka ujao mtampitia tena. Kwa hiyo nawaambieni, fedha zikiliwa katika mchango wa namna hii, halipungui fungu la karatasi tu. Mlango wa mtu haukufunguka.

Ndiyo maana wale wa StreetSmart walitafuta wafadhili maalum wa kulipa gharama za kuendesha mpango, ili pauni ya mgeni ifike nzima. Tena fedha zilizopatikana katika mji hupelekwa kwa vyama vinavyofanya kazi katika mji ule ule. Mtu aliyelipa aweza kwenda kuona kwa macho yake. Juu ya hayo, vyama vya misaada katika England na Wales vimeandikishwa kwa Tume ya Misaada, iliyoanzishwa mwaka 1853, na hesabu zao huwekwa wazi.

Jambo hilo si geni kwenu. Ninyi mmekaa katika kamati za harusi na za mazishi. Mwajua ya kuwa kamati njema ina mhazini mmoja na daftari moja, na siku ya kuvunja kamati daftari husomwa mbele ya watu wote. Mwajua pia yanayosemwa mitaani daftari lisiposomwa. Hesabu ya London na hesabu ya kamati ya harusi ni mamoja.

NENO LA TATU: HESHIMA

Hili ndilo linalosahauliwa upesi. Mtu asiye na makao huzoea kupewa vitu amesimama: amesimama kwenye foleni, amesimama mvua ikinyesha, anapokea bakuli bila kuulizwa apenda nini. Hushiba tumbo, lakini hurudi akijiona mdogo kuliko alivyokuja.

Desemba 2016, mjini Madrid katika Hispania, padri mmoja aitwaye Padre Ángel, pamoja na chama chake kiitwacho Mensajeros de la Paz, alifungua mkahawa uliopewa jina la Robin Hood. Mchana wateja wa kawaida walikula na kulipa. Fedha zao zikalipia chakula cha usiku, ambacho watu wasio na makao walikula bure. Lakini walikulaje? Waliketi. Mezani palitandikwa kitambaa, pakawekwa bilauri za kioo, visu na uma, na wahudumu wakawaletea chakula kama wanavyowaletea wageni wengine. Chakula kilikuwa kile kile cha mkahawa. Lililobadilika ni kwamba mlaji aliitwa "bwana" na "bibi".

Nanyi mwajua methali yetu: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengine huisema kwa ukali, kana kwamba maana yake ni kumfukuza mgeni. Mimi naiona ni methali ya heshima. Kumpa mtu jembe ni kumwambia, "Nawe u mmoja wetu, tulime pamoja."

Katika mji wa Edinburgh, Scotland, wako waliotoa jembe hilo. Mwaka 2012 Josh Littlejohn na Alice Thompson walifungua duka dogo la mikate na kahawa, wakaliita Social Bite. Karibu na duka lile palikuwa na kijana asiye na makao aliyeuza gazeti la Big Issue, gazeti ambalo tangu mwaka 1991 huuzwa na watu wenye shida ya makao, ambao hulinunua kwa bei ya chini na faida huwa yao. Siku moja kijana akaingia ndani. Hakuomba mkate. Aliomba kazi. Wakampa kazi jikoni. Kisha wakafikiri: kama mmoja ameweza, kwa nini wasiweze wengine? Wakaanza kuwaajiri watu wengine waliokuwa wakilala nje, na wateja wakapewa nafasi ya kulipia mapema chakula na kahawa ya mtu asiye na fedha.

Lakini wakagundua jambo gumu. Mfanyakazi aweza kuja asubuhi na kufanya kazi vizuri, na jioni hana pa kwenda. Kazi bila kitanda haidumu. Basi wakaanza kutafuta fedha za nyumba. Desemba 2017, katika bustani ya Princes Street, watu kama 8,000 walilala nje usiku mmoja wa baridi kali ili kuchangisha fedha. Na mwaka 2018, katika mtaa wa Granton, kwenye ardhi ya halmashauri ya mji, kikafunguliwa kijiji kidogo cha nyumba za mbao kwa watu wapatao 20, pamoja na jumba la kupikia na kulia pamoja. Tazameni safari yenyewe: ilianza kwa mkate, ikafika kwenye kazi, ikafika kwenye mlango.

YASEMWAYO NA WAPINGAO

Sitaki kuwaficha ya kuwa wako wanaopinga. Wa kwanza husema, "Mkiwapa, mtawazoesha uvivu." Huyu tumekwisha kumjibu kwa habari za kijana wa Edinburgh. Wa pili husema, "Mikahawa hufanya hivi ili ijitangaze." Yawezekana. Lakini kama fedha zimefika nzima na maskini hakupigwa picha ili atumiwe kuvutia wateja, sioni hasara mkahawa ukisifiwa.

Wa tatu ana neno zito zaidi. Husema, "Mkichanga ninyi, serikali italala." Huyu tumsikilize. Pauni za mezani haziwezi kujenga nyumba za kutosha nchi nzima, wala haziwezi kupunguza kodi za vyumba. Nchi ya Finland ilianza mwaka 2008 mpango wa kumpa mtu nyumba kwanza, ndipo matatizo yake mengine yashughulikiwe, na idadi ya wasio na makao ikapungua sana kwa miaka mingi iliyofuata. Kazi hiyo ilihitaji serikali, halmashauri na vyama kushikana. Mikahawa peke yake isingaliweza.

Kwa hiyo tusidanganyane. Anayelipa pauni mezani hajamaliza wajibu wake. Bado yampasa kumwuliza diwani wake, "Nyumba ziko wapi?" Lakini nyumba za serikali hujengwa kwa miaka, na usiku wa leo una baridi. Kungoja sheria njema huku mtu anakufa mlangoni si hekima. Tufanye yote mawili.

TUFUNGE SOMO

Tulianza na mtu aliyelala mlangoni mwa duka. Tumeona ya kuwa sahani ya chakula humfikisha asubuhi, nayo ni jambo jema. Lakini ili aondoke pale mlangoni yahitajiwa fedha zilizotolewa kwa hiari, zilizotunzwa kwa hesabu, na kupewa kwa heshima. Likikosekana moja katika hayo matatu, Fulani hubaki nje.

Huenda katika mji wako yuko mama lishe ambaye kila siku humwekea sahani mtu asiye na kitu, wala hakuna ajuaye. Siku moja mwulize ni nani anayemwekea, na analala wapi. Huo waweza kuwa mwanzo wa daftari lenu.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Katika mji au mtaa wenu, ni nani wasio na mahali pa kulala? Walifikaje hapo?

2. Mkahawa una meza 12. Kila meza hukaliwa mara 3 kwa siku, na meza 6 hukataa kuchangia. Ikitozwa shilingi 200 kwa meza, zitapatikana ngapi kwa siku 30?

3. Mtamchagua nani kuwa mhazini, na daftari litasomwa lini na mbele ya nani?

4. Fedha za swali la pili zaweza kumfikisha wapi mtu mmoja mnayemjua? Msitaje jina lake. Tajeni anachohitaji kwanza.

5. Ni neno gani mtakalomwambia diwani wenu?

Majibu yenu yaandikeni na kuyahifadhi. Katika somo lijalo tutaanza na jibu la swali la pili. Kwaherini, na mlale salama, kila mtu nyuma ya mlango wake.